Njia ya Matawi Juu ya Ziwa

Kule Jamtland, nchi ya theluji kaskazini mwa Ulaya, ziwa likishaganda, watu hawaulizani njia. Wanafuata matawi. Mtu mmoja wa kijiji hujitwika mzigo wa matawi ya msonobari, akatoboa barafu kwa mtaimbo, akasimika tawi, akasogea mbele, akasimika jingine, mpaka ng'ambo. Baada ya hapo hata ukungu ushuke, hata theluji ipige usoni kama mchanga, msafiri anatoka tawi hadi tawi na anafika kwa watu wake. Na tawi halisogezwi. Vijana wa huko waliiba jibini, waliiba hata wachumba, lakini hakuna aliyewahi kusikia kwamba fulani kasogeza tawi.

Katika kijiji cha Sund kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke, Gyrid binti Aslak, mfupi, mabega mapana, mwenye mazoea ya kuinamisha kichwa upande mmoja kama kuku aliyesikia kitu nyuma ya ua. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, basi alimfundisha yeye kupiga barafu na kuisikiliza. Barafu nene hujibu kama mlango mzito unaofungwa. Nyembamba hulia kama sufuria tupu. Majirani walimtania sana kwa hilo.

"Gyrid," Ragnfrid wa nyumba ya pili alizoea kumwambia, "ungemsikiliza mumeo nusu ya unavyoisikiliza barafu, saa hizi angekuwa amekujengea ghala."

"Barafu haikoromi, shoga."

Desturi hiyo ilikuwa na upande wake mzito. Msafara wa kwanza wenye mizigo unapovuka, aliyesimika matawi hutangulia kwa miguu, mtaimbo mkononi. Kama kakosea, basi aanze kuzama yeye.

Mwaka huo ninaousimulia, utani ulikuwa umepungua Sund. Majira ya baridi yaliyotangulia, mfalme wa Nidaros, ng'ambo ya milima, aliiteremkia Jamtland na watu wake akisema nchi ni yake. Wanaume wakakusanyika kumfukuza, wakapigana naye juu ya barafu, wakashindwa. Kjell, mume wa Gyrid, hakurudi. Halafu watu wa mfalme wakapita kijijini wakichukua vijana wa kuwa dhamana, ili kodi ya ngozi za wanyama isicheleweshwe. Walichagua nyumba kubwa kubwa. Nyumba ya Gyrid ilikuwa ndogo, imeegemea mlima kama mlevi, lakini mbele yake pia walisimama.

"Huyu ndiye mwenye matawi?" mmoja aliuliza.

Akajibiwa ndiye. Wakamchukua Hemming, mwanawe wa pekee, kijana mwenye ndevu zilizoanza kukolea. Tangu siku hiyo Gyrid alikuwa akishtuka kila mbwa alipobweka.

Sasa ziwa likaganda tena, naye akaweka njia kama kawaida, kutoka Sund hadi kisiwani ambako baraza la nchi hukutana. Alizunguka mbali na Kooni. Kooni ni mahali ambapo maji ya mto hupita kwa kasi chini ya ziwa, na barafu yake hainenepi hata baridi ipasue mawe. Kwa macho huwezi kuitofautisha. Theluji inalala juu yake nyeupe na safi kama kwingine.

Siku chache baada ya matawi kusimama, shemeji yake alikuja. Gudfast, kaka mkubwa wa marehemu Kjell, alikuwa mtu mwenye mashamba na sauti. Alileta bakuli la samaki wa kuvundika, akaketi karibu na moto bila kuvua kofia.

"Shemeji, wanakuja," alisema. "Yule Ottar, mnyapara wa mfalme, ameonekana mlimani na sleji zake. Anateremka kuchukua kodi."

"Si tulijua atakuja? Ngozi mmeziweka tayari."

"Ngozi tu?" Gudfast akacheka bila furaha. "Nasikia safari hii wana mashoka na misumari. Wanataka kujenga ngome pale kisiwani. Wakishajenga, hawaondoki tena. Kila nyumba itatoa mtu."

Gyrid akachochea moto. Alimjua shemeji yake. Hakuwa mtu wa kuleta samaki bure.

"Msafara wa kwanza ni wao," Gudfast aliendelea, akiutazama moto. "Kwa desturi utawatangulia. Wewe ni mwepesi. Pale Kooni barafu inambeba mtu mmoja. Haibebi farasi."

"Unasema nini, shemeji?"

"Umenisikia."

"Tawi halisogezwi."

"Na mfalme hapandi milima kuja kula nchi ya watu, lakini kapanda! Kjell yuko wapi? Eh? Nieleze, ndugu yangu yuko wapi?"

"Na Hemming? Ukiwazamisha watu wao, Hemming watamfanya nini?"

"Dhamana wote wameachwa Nidaros. Nimepata habari kwa mtu aliyetoka huko. Na atakayelaumiwa nani? Ziwa limekula watu. Ziwa hula watu kila mwaka. Mfalme atalishtaki ziwa?"

"Sitaki."

Gudfast akainuka. Safari hii sauti aliishusha, na hapo ndipo Gyrid alipoogopa kweli, maana hakuwahi kumsikia akisema taratibu.

"Usipoyasogeza wewe, tutayasogeza sisi. Sisi hatujui kazi hii. Tutayaweka ovyo, Ottar atagundua, atachoma Sund yote, ya kwako ikiwa ya kwanza. Halafu watu watauliza kwa nini mama wa dhamana alikataa. Watasema ameshanunuliwa."

Alipotoka, baridi iliingia mlangoni ikabaki ndani. Gyrid hakuwagusa wale samaki. Aligeuza maneno hayo kichwani, na kila alipoyageuza yalimtazama kwa jicho lile lile. Asubuhi alikwenda kwa Ragnfrid.

"Njoo unibebee matawi," alisema.

Ragnfrid alielewa kabla ya kumaliza kuambiwa, kwa kuwa mumewe naye alikuwa upande wa Gudfast. Walitoka wawili. Ng'oa, jaza shimo kwa theluji, lainisha kwa ufagio wa matawi, tembea, simika upya. Gyrid aliipinda njia kidogo kidogo, kwa ustadi ule ule aliofundishwa na baba yake, mpaka mstari ukaelekea Kooni kama vile siku zote ulielekea huko.

"Wenyewe wanajiita miguu ya magome," Ragnfrid alijaribu kutania, kwa kuwa watu wa mfalme walisifika kwa kujifunga magome ya miti miguuni. "Na sisi, kwa mkate wetu wa magome wakati wa njaa, wanatuita wala-magome. Labda tungewaalika chakula, tuwale miguu, tumalize kesi."

Chini yao Kooni ilinguruma polepole, kama tumbo la mnyama aliyelala.

Siku Ottar alipofika, jua lilikuwa limetoka, dogo, jekundu, lisilo na joto. Sleji zilishuka mpaka ufukweni, yale magari yasiyo na magurudumu yanayoburutwa na farasi, na farasi walikuwa wakitoa mvuke puani. Wanaume wachache wa Sund walisimama macho chini. Gudfast hakuwepo. Alikuwa ametangulia kisiwani na wazee wa baraza, akiwasubiri huko.

Ottar alikuwa mtu mwembamba, ncha ya pua yake ilikuwa imekatika kwa baridi ya miaka ya nyuma, na alizungumza kama mtu anayeokoa pumzi.

"Mwenye matawi ni nani?"

"Mimi, bwana."

"Aha. Ndiwe. Utatangulia?"

"Ndiyo desturi."

"Hata kwetu ni hivyo." Akamtazama kwa muda. "Nimekuletea kitu cha kukuchangamsha, mama. Usiseme mfalme hana moyo."

Akalishika blanketi la ngozi lililofunika sleji ya kwanza, akalivuta.

Walikuwa vijana wa Sund na wa vijiji vya jirani, wamefungwa miguu, wamebanana kama kondoo wa kupelekwa sokoni. Katikati yao alikuwa Hemming. Amekonda, ndevu zimejaa, lakini ni yeye.

"Baraza likilipa, mtawachukua," Ottar alisema. "Lisipolipa, narudi nao. Na wanakaa sleji ya kwanza. Mimi huwa sipendi kuvuka ziwa la watu wanaonichukia bila watoto wao mbele yangu."

Nyuma ya Gyrid mtu mmoja alivuta pumzi kwa nguvu. Ragnfrid.

"Mama!" Hemming alisema, akitabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Umefupika, au ni mimi nimekaa juu?"

Gyrid alitaka kupiga kelele, lakini kelele hiyo ingesema nini? Kwamba matawi ni ya uongo? Mikuki ilikuwa pale pale. Nyumba zilikuwa pale pale, moshi ukitoka kwenye mapaa. Akauinua mtaimbo, akashuka kwenye barafu.

Akapiga. Mlango mzito. Akapiga tena. Mlango mzito. Nyuma yake kwato na mbao za sleji zililia juu ya theluji. Sehemu ya kwanza ya njia ilikuwa ya kweli, na kila tawi alilolipita lilikuwa tawi moja pungufu. Alihesabu bila kutaka, akajikataza, akahesabu tena. Akawaza kuanguka na kujifanya mgonjwa. Wangemwacha pale na kuendelea kufuata matawi wenyewe. Akawaza kukimbia. Vivyo hivyo. Matawi yangewapeleka yenyewe, hayakumhitaji tena. Ndilo lililomtia hofu kuliko mikuki: kazi ya mikono yake ilikuwa imesimama mbele, inaita.

Penye tawi la mwisho la kweli, alisimama.

"Nini?" Ottar alisema.

"Tunaacha matawi hapa, bwana. Tunakwenda kushoto."

Ottar akaja mbele. Askari wake wakasogea. "Matawi yanakwenda mbele."

"Naona."

"Kwetu, mtu anayetoka nje ya matawi ni mlevi au msaliti. Wewe ni yupi?"

"Bwana, barafu ya huko mbele…"

"Barafu ya huko mbele ina matawi. Ya kushoto haina. Kama ningetaka kumzamisha mtu, mwanamke, ningemwambia nini? Ningemwambia aache matawi!" Akageuka. "Piga farasi! Tunafuata njia."

Dereva akainua mjeledi. Gyrid aliuona ule mjeledi ukienda juu, akaona uso wa Hemming chini yake, na miguu yake ikakimbia kabla hajaiambia. Alikimbilia tawi lililofuata, la kwanza kati ya yale aliyoyasogeza. Akainua mtaimbo kwa mikono miwili, akaushusha pembeni mwa tawi. Sauti ilikuwa ya sufuria. Akapiga tena, na mtaimbo ukapenya ukamponyoka, ukazama wote, na maji meusi yakapanda polepole yakailowesha theluji na viatu vyake.

Dereva akashusha mjeledi bila kupiga. Farasi mmoja akarudi nyuma akikoroma.

Ottar aliyatazama maji yale. Alimtazama Gyrid. "Nani kasimika tawi hili?"

Sasa hapo, wapenzi wangu, angeweza kutaja jina la Gudfast. Lilikuwa limemfika mdomoni. Lakini nyuma ya Gudfast kulikuwa na mume wa Ragnfrid, na nyuma ya huyo, kijiji chote.

"Mimi," alisema. "Nimekosea, bwana. Masikio yameniisha. Nimezeeka."

Kwa mwenye matawi hakuna neno baya kuliko hilo. Ni sawa na mkunga kusema ameua. Vijana kwenye sleji walimsikia, askari walimsikia, na kufikia jioni nchi nzima ingekuwa imesikia.

"Umekosea," Ottar alirudia. "Na huko kushoto hujakosea?"

"Sijakosea."

"Mfungeni mwanawe kiunoni kwake. Watangulie wawili. Mwanamke mpeni mkuki apigie barafu."

Wakamfungua Hemming miguu, wakawafunga mama na mwana kwa kamba moja. Gyrid akaelekea kushoto. Hakukuwa na alama. Alijipimia kwa pengo la mlima nyuma yake na paa la kanisa la kisiwani mbele yake, kama baba yake alivyomwonyesha, lakini mashimo ya zamani yalikuwa yamefunikwa, na macho yalikuwa yakimtoka machozi ya baridi yanayoganda kwenye kope. Mkuki si mtaimbo. Sauti yake ilikuwa ngeni. Kila pigo alilisikiliza mara mbili na bado hakuliamini.

"Mama," Hemming alinong'ona nyuma yake.

"Nyamaza utembee. Kanyaga nilipokanyaga."

"Masikio yako hayana kitu."

"Nyamaza."

"Yale matawi yalikuwa kwa ajili ya hawa." Kamba ilivutika kidogo. "Na sisi?"

"Niliambiwa mko Nidaros."

"Nani kakwambia?"

Barafu ikapasuka. Si kubwa, mstari mmoja uliokimbia kutoka miguuni mwake kwenda mbali, ukitoa mlio kama wa uzi wa zeze unaokatika. Farasi wakasimama. Mtu mmoja akaanza kusali kwa sauti. Gyrid alisimama mguu mmoja mbele, akisubiri maji. Akapiga mkuki. Akainamisha kichwa. Akapiga tena.

"Ni baridi tu," alisema, na hakujua anamwambia nani. "Barafu nene hupasuka hivyo. Inajinyoosha."

"Mama, nani kakwambia tuko Nidaros?"

"Baba yako mkubwa."

Hemming akatema mate juu ya theluji, wakaendelea mpaka wakakanyaga mawe ya kisiwa.

Baraza lililipa. Wazee walimwaga ngozi juu ya theluji, nyekundu na kijivu na nyeupe, watu wa Ottar wakazifunga. Ngome aliyoitaja Gudfast hakuna aliyeianza. Gudfast alisimama na wenzake. Aliona sleji zote zikifika, akamwona mtoto wa ndugu yake amefungwa kamba, akageuza uso kana kwamba upepo umemwingia jichoni. Kisha vijana wakaanza kufunguliwa mmoja mmoja, jamaa zao waliokuja barazani wakiwavuta kwa nguo, wakiwapapasa vichwa.

Gyrid alikuwa ameshaanza kufungua fundo la kiunoni kwake Ottar aliposhika kamba.

"Huyu anabaki na mimi."

"Bwana, kodi imelipwa!"

"Imelipwa." Akamvuta kando kidogo, wasisikiwe. "Sikuulizi nani alikutuma. Nikikuuliza utajibu, na ukijibu itanibidi nichome nyumba, nami nina baridi na nataka kurudi nyumbani. Lakini mama, tawi lile lilisimikwa vizuri mno. Mzee aliyepoteza masikio hapindi njia vizuri vile."

Gyrid aliishika kamba kwa mikono yote miwili.

"Mfalme ataitaka kodi yake kila baridi," Ottar alisema. "Kila baridi mwanao atakuja ndani ya sleji ya kwanza. Na wewe utatangulia. Kwa hivyo, weka afya yako vizuri."

Alisema bila ukali, kama mtu anayepanga siku ya kuvuna.

Ndivyo ilivyokuwa. Sund walimpa mtu mwingine matawi ya njia zao za kwenda malishoni na kanisani, kwa kuwa alikuwa ametamka kwa kinywa chake kwamba amekosea, na wale waliojua ukweli hawakuweza kumtetea bila kujitaja. Gudfast aliacha kumwita shemeji. Lakini njia ya kisiwani iliendelea kuwa yake, kwa amri ya mfalme ambaye hakumwona maishani mwake. Na ilikuwa njia salama kuliko zote Jamtland. Mpaka watu waliomsema vibaya walipeleka ng'ombe wao kwa njia hiyo hiyo.

Yeye hakuiona salama. Ziwa lilipoanza kufanya ngozi kila mwisho wa vuli, wengine wakitayarisha mbao za kutelezea, Gyrid alikuwa hapati usingizi wala chakula hakimshuki. Palipotosha pigo moja alipiga matatu. Alirudi kesho yake akapiga tena. Ragnfrid alimfuata na bakuli la uji wa shayiri mpaka katikati ya ziwa.

"Kula, shoga. Barafu haiendi popote."

"Hilo ndilo silijui," Gyrid alimjibu.

Halafu sleji zilishuka kutoka mlimani, na yeye akasimama mbele, asijue safari hiyo wamemleta mwanawe mzima au mgonjwa, au kama wamemleta kabisa. Ottar hakuvuta tena blanketi kumwonyesha. Hakukuwa na haja. Gyrid alikanyaga barafu, akapiga, akasikiliza, akapiga, na sauti ya mtaimbo ikawa inamfikia kwa mbali, kwa sababu sikio lake lote lilikuwa nyuma. Mpaka mtu akohoe chini ya zile ngozi, aseme, "Mama, nipo," ndipo alipoweza kuvuta pumzi na kulisikia ziwa.